Tambuu Iliyogeuzwa

Kule Galwewa jina la utani halibishi hodi. Linakupata njiani, linakupanda mgongoni, na ukifika nyumbani unakuta mama yako ameshalisikia. Watsala lake alilipata Jumatano moja mchana kweupe, nalo lilikuwa Tambuu ya Msiba. Vijana wanaokaa ukutani pale darajani wakisubiri kazi zisizokuja walimrushia kila akipita, na wanawake wakachekea ncha za sari zao kisimani. Siku hizi jina hilo likitajwa mjini Monaragala, watu hugeuka kumtafuta mwenye nalo, na wengine husogea kumpisha njia. Jina ni lile lile, herufi kwa herufi. Walioligeuza ni wanawake wawili, na mmoja wao alikuwa na machicha ya nazi mikononi.

Nyumba yao ni ya mwisho kabla ya mashamba ya mahindi, upande wanakopita tembo. Baba yake alikuwa mlinzi wa mahindi. Alikesha juu ya kibanda kilichojengwa mtini, na mlinzi wa kibandani hana budi aimbe, kwa sababu akinyamaza atasinzia, na akisinzia tembo watakula. Basi baba aliimba. Nyimbo nyingine alirithi kwa babu yake, nyingine alizitunga pale pale akiwatukana tembo, na tembo wakiisha alimtukana diwani. Mtoto Watsala alilala chini kwa mama yake akizisikia zikija na upepo, akajua tangu mdogo kwamba wimbo ni kazi, tena ni kazi ya kulinda chakula cha watu. Figo zilimchukua baba, kama zilivyowachukua wengi upande ule, na kibanda kikabaki bila mtu wa kuimba.

Mama yake ni Jayasili, mkaanga vibibi wa njia panda. Asiyemjua Jayasili Galwewa basi hajapata kuwa na njaa asubuhi. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo, anawasha vifuu vya nazi, anapuliza, anakohoa, anamimina unga wa mchele kwenye vikaango vyake vidogo, na watoto wakienda shule vibibi vinawangoja pamoja na sambali ya nazi na pilipili. Kwa moshi ule alimsomesha binti yake mpaka chuo kikuu cha Peradeniya. Hakuna msichana wa Galwewa aliyewahi kufika huko kabla yake. Siku ya shahada, Jayasili alivaa sari ya kuazima, akasimama kwenye picha amenyooka kama mwanajeshi, na picha ile akaitundika ukutani juu ya pipa la mpunga, pamoja na shahada yenyewe katika fremu ya kioo.

Baada ya hapo, kimya. Serikali haikumwita kazini. Wahitimu wenzake wakatawanyika kama kuku walioona kicheche. Mmoja alikwenda Korea kulisha nguruwe, mmoja akaingia kiwandani Katunayake kushona kola za mashati. Tushara, aliyesoma uchumi na kufaulu vizuri kuliko wote, alinunua bajaji kuukuu akaegesha njia panda. Watsala mwenyewe alifungua masomo ya jioni chini ya mabati, ubavuni mwa nyumba, akiwafundisha watoto wa majirani, ambao wengine walilipa kwa mahindi na wengine kwa shukrani.

Na aliandika mashairi. Aliyaandika kwenye simu na kuyaweka Fesibuku, mashairi ya siku hizi yasiyo na vina wala mizani. Hayo ndiyo yaliyomkera Mwalimu Wimaladhamma, mstaafu aliyekuwa mshairi wa kijiji kwa sababu mwingine hakujitokeza. Mwalimu alikuwa na mistari minne kwa kila jambo: harusi, kifo, kuzinduliwa kwa choo cha shule.

"Binti, hili unaliita shairi?" alimwuliza siku moja mbele ya watu, ameishika simu mbali na macho. "Hii ni barua iliyotafunwa na panya. Vina viko wapi?"

"Vimeenda kutafuta kazi, mwalimu," akajibu Watsala.

Tushara alicheka mpaka akapiga honi ya bajaji kwa kiwiko. Mwalimu hakucheka, na alikaa na neno lile moyoni.

Sasa, kazi ya ualimu wilayani ilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa baraza ya nyumba ya Mheshimiwa Madugoda, mbunge. Kila Jumatano alipokea watu. Ulikwenda na fungu la majani ya tambuu, ulipiga magoti, ulimpa kwa mikono miwili, kisha ukasema shida yako. Kama siku yake ilikuwa nzuri, ulirudi na barua. Watsala alikataa mwaka wa kwanza, akakataa wa pili na wa tatu. Jayasili hakumgombeza. Alikuwa akisema tu, huku anageuza vibibi, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Alisema hivyo asubuhi, akasema jioni, akawaambia na wateja, hata mtoto wa jirani akawa anaimba hivyo akichota maji. Mwaka wa nne Watsala akachoka, akasema atakwenda.

Jayasili alichuma tambuu yeye mwenyewe. Alipangusa kila jani, akalipanga juu ya lenzake, akafunga fungu zuri mpaka likapendeza kuliwa na macho. Hata mtoto mdogo kule anajua linavyotolewa: kwa jambo la heri, vikonyo humwelekea anayepokea. Ukienda hekaluni kuwaita watawa wakazike, unaligeuza, ncha za majani ndizo zinazotangulia. Mtu akiona ncha zinamjia, hahitaji kuambiwa kwamba kuna maiti.

Wiki ile ile bibi wa jirani alikuwa amefariki, na chama chao cha kufa na kuzikana kilimtuma Watsala hekaluni, maana ndiye aliyejua kusema na watawa kwa adabu. Juzi yake tu mikono ile ile ilikuwa imebeba tambuu ya msiba. Foleni barazani kwa Mheshimiwa ilikuwa ndefu, jua kali, na mlinzi alikuwa akisukuma watu mgongoni: "Haya, haya, twende, usilale." Zamu yake ilipofika alisukumwa, akajikwaa kwenye mkeka, akapiga magoti kwa kuanguka kuliko kwa heshima, na mikono yake ikatoa fungu kama ilivyozoea juzi.

Ncha zikatangulia.

Katibu wa mbunge ndiye aliyeona kwanza. "We binti! Unamwita Mheshimiwa msibani kwa nani?"

Mtu mmoja kwenye foleni aliguna kicheko, akakimeza. Mheshimiwa Madugoda alikuwa mtu mnene wa mashavu mekundu, mwenye shali ya rangi ya kunguni shingoni, na mtu anayeogopa ndege mbaya akilia paani. Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Rangi ikamtoka mashavuni. Alirudisha mikono yake nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Mtoe," akasema. "Mtoe na majani yake. Jina lake liandikwe, nisimwone hapa tena."

Watsala alitembea mpaka kituo cha basi na fungu lake kifuani. Aibu ilimchoma kweli kweli. Alimwona mama yake akipangusa yale majani moja moja, akataka ardhi impasukie. Alikaa kwenye benchi ya kituo, akatazama mikono yake, akaihoji kama mtu anavyomhoji mtoto mtundu. Mlijua? Mbona hamkutetemeka? Na pale kituoni, kati ya muuza karanga na mbwa aliyelala, kitu kikamgeukia ndani. Mikono haikukosea. Ilikwenda mahali penye maiti, ikatoa tambuu inayostahili. Akatoa simu akaandika, na basi lilipofika alikuwa amemaliza:

*Mheshimiwa, mkono wangu haukukosea.*
*Marehemu ni shahada yangu.*
*Amelazwa ukutani, juu ya pipa la mpunga,*
*ndani ya kioo, anayetaka kumuaga amuage.*
*Ameacha ndugu wengi:*
*mmoja analisha nguruwe wa watu,*
*mmoja anashona kola ambazo shingo yake haitazivaa,*
*mmoja anapiga honi njia panda.*
*Mama yangu alipiga magoti mbele ya moto*
*asubuhi zote za utoto wangu*
*ili mimi nisipige mbele ya mtu.*
*Karibu msibani, Mheshimiwa.*
*Usihangaike kubeba kitu.*
*Jeneza ulishaleta.*

Habari za barazani zilifika Galwewa kabla ya basi. Jayasili alikuwa amekaa kizingitini, vikaango vyake havijaoshwa, na hilo lilikuwa halijawahi kuonekana.

"Umeyageuza?" aliuliza.

"Nimeyageuza, mama. Sikukusudia."

"Miaka yote ile ya moshi," mama alisema, "mwisho wake umemzika mbunge angali hai." Akaingia ndani. Hakumtukana, na Watsala angependa atukanwe.

Shairi nalo lilikuwa limeshaondoka. Lile halikungoja mtu. Kwanza walilisoma wahitimu wa wilaya, kisha wa wilaya nyingine, kisha wasichana wa viwandani wakawa wanasomeana kwenye mabweni yao. Tushara alichukua rangi nyeupe akaandika nyuma ya bajaji yake, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma uchumi: MKONO WANGU HAUKUKOSEA. Jumatatu yake bajaji nyingine mbili pale njia panda zilikuwa na maneno hayo, na moja ilikuwa ya mtu asiyejua kusoma. "Nimeambiwa ni kitu kizuri," alisema, "na rangi ilibaki."

Wahitimu wasio na kazi walipokwenda kukaa barabarani mjini, safari hii hawakubeba mabango. Kila mmoja alikuja na fungu la tambuu, ncha mbele. Walikaa chini, kimya, mamia ya majani yakiitazama ofisi ya wilaya, na polisi hawakujua wafanye nini, kwa sababu hakuna sheria inayokataza kushika tambuu. Mtu mmoja alisimama akalisoma shairi, wengine wakaitikia mstari wa mwisho. Watsala alikuwa nyuma kabisa, chini ya mwavuli wa mwenzake. Aliposikia maneno yake yanatoka vinywani mwa watu asiowajua, alilia machozi ya furaha wazi wazi bila kujificha. Wimbo ni kazi, alikuwa akijua. Kumbe baba yake alikuwa anafukuza tembo wadogo.

Aliyepata taabu zaidi alikuwa katibu wa mbunge. Popote Mheshimiwa alipokwenda kuzindua kisima au kukata utepe, palitokea kijana mmoja mwenye adabu sana akimletea tambuu iliyogeuzwa. Ikabidi katibu atangulie kila mahali kukagua majani. Huyo alikuwa mtu mwenye shahada ya sheria.

Basi wiki chache kabla ya Mwaka Mpya wa jadi, ule wa Aprili, katibu huyo akaja Galwewa. Aliketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, akala vibibi vitatu bila kukaribishwa cha tatu, akapangusa vidole.

"Mama, Mheshimiwa ana moyo mpana," alimwambia Jayasili kana kwamba Watsala hayupo. "Ujana ni moshi, unapita. Siku ya michezo ya Mwaka Mpya atakuwa mgeni rasmi uwanjani kwenu. Binti apande jukwaani, apige magoti mbele ya watu, atoe tambuu kama watu wanavyotoa, aseme beti mbili tatu nzuri za kufuta yale. Barua ya ualimu ninayo." Alipiga mfuko wa shati. "Shule ya hapa hapa. Atakuwa anakuja kula mchana nyumbani."

"Na nikikataa?" Watsala akauliza.

"Ukikataa, dada, shule ziko nyingi na walimu wako wengi. Na masomo haya ya mabati sijui kama yana kibali."

"Atakuja," akasema Jayasili.

Katibu alipoondoka, Watsala alisimama karibu na jiko. "Mama."

"Magoti yana nini? Yanaoshwa na maji." Jayasili alikuwa anasugua sufuria kwa nguvu zaidi ya uchafu uliokuwepo. "Mimi nazeeka. Kifua hiki kimejaa masizi. Nikifa leo utakula nini? Mashairi? Utayatia chumvi?"

Kukataa angeweza kumkatalia mbunge, katibu, na serikali nzima. Kifua kile kilichokuwa kikikohoa mbele yake hakuweza. Akasema, "Sawa, mama. Nitapiga." Na aliposema hivyo moyo wake ulikuwa mzito kama gunia lililolowa.

Beti za sifa zilimshinda. Alikaa nazo siku kadhaa, hazikuja. Mwalimu Wimaladhamma, ambaye ndiye aliyepangwa kuwa mshereheshaji, alisikia akaja mwenyewe na beti tayari, amezikunja mfukoni kama dawa.

"Haya ndiyo mashairi, binti. Sikiliza." Akakohoa, akaimba:

*Ewe jua la mchana, uangazaye vijiji,*
*Mlezi wa kila mwana, mnyweshaji wetu maji.*

Vina vilikaa sawasawa, mizani haikupungua hata chembe. Yaliyopungua ni maji tu, maana bomba la Galwewa lilikuwa limekauka tangu uchaguzi uliopita. Watsala alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Ilibaki siku moja sikukuu ya michezo ifike. Jioni ile Jayasili alikuwa jikoni akitayarisha unga, naye Watsala akikuna nazi. Walikuwa hawajasemezana vizuri kwa siku nyingi.

"Hilo shairi lenyewe likoje?" mama aliuliza ghafla, bila kugeuka.

"Lipi?"

"Lipi tena? Hilo. Kijiji kizima wamelisikia. Mpaka yule asiyejua kusoma kalibandika nyuma ya bajaji. Mimi ndiye nimebaki. Wanakuja kununua vibibi wananitazama usoni kama wanatafuta kitu."

Watsala alipangusa mikono, akatoa simu, akasoma. Alisoma taratibu, magoti na moto, mpaka kwenye jeneza. Vifuu vilikuwa vinapasuka motoni. Jayasili aliendelea kukoroga unga, mkono wake ukizunguka vile vile. Alichovya kidole kwenye sambali, akalamba.

"Chumvi imepungua," alisema.

Watsala alitia chumvi, akaenda kulala akiamini kwamba shairi halikumgusa mama yake hata kidogo.

Uwanja siku ile ulijaa mpaka watoto wakakaa kwenye matawi. Vijana walikuwa wanapigana kwa mito juu ya gogo na kuangukia topeni, wengine wanapanda mlingoti uliopakwa mafuta na kuteleza kama sabuni. Wanawake wazima walikaa kuizunguka rabani, ile ngoma pana ya kukalia chini, wakiipiga kwa viganja. Karibu na jukwaa palikuwa na mashindano ya kukuna nazi, na Jayasili alikuwamo, kama kila mwaka, na kama kila mwaka alikuwa anawaacha wenzake mbali.

Mheshimiwa alifika, akapigiwa makofi na wanaopaswa kupiga. Mwalimu Wimaladhamma alishika kipaza sauti. "Na sasa, ndugu wananchi, binti yetu, ambaye sote tunamfahamu, ana neno la heshima kwa baba wa wilaya."

"Tambuu ya Msiba!" akapaza sauti mmoja wa vijana wa darajani, na watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha zamani. Wahitimu walikuwa wamesimama nyuma na Tushara. Hawakucheka. Walikuwa wanamtazama, na alijua kwamba wakimwona amepiga magoti hawatamlaumu, watakwenda zao tu, na hilo lilimwuma zaidi.

Akapanda. Katibu akalikagua fungu, akahesabu vikonyo kwa macho, akaitikia kwa kichwa. Heri. Watsala alikwenda mpaka mbele ya kiti cha Mheshimiwa. Bahasha ilionekana mfukoni mwa katibu. Akaanza kuinama.

"Watsala. Simama."

Haikuwa sauti ya juu. Ilikuwa ile ile inayoita asubuhi kwamba uji unapoa. Jayasili alikuwa ameiacha mbuzi yake ya kukunia na nazi juu yake, akapanda ngazi za jukwaa, mikono yake imejaa machicha meupe mpaka viwikoni. Katibu alinyoosha mkono kumzuia, kisha akaurudisha, kwa sababu mwanaume anayemsukuma mama wa mtu siku ya Mwaka Mpya hawezi kula tena katika kijiji hicho.

Alilichukua fungu mkononi mwa binti yake. Aliligeuza. Aligeuza polepole, mbele ya uwanja mzima, ili hata waliokaa matawini waone, akalishika kwa mikono miwili na kumnyooshea Mheshimiwa, ncha mbele, yeye mwenyewe amesimama.

"Mara ya kwanza mtoto alikosea, Mheshimiwa," alisema, na kipaza sauti cha Mwalimu kilikuwa wazi. "Tukaona aibu. Hii ya leo ni yangu mimi, na mimi sijakosea."

Mheshimiwa hakupokea. Alitazama majani, akamtazama katibu, akatazama uwanja. Jayasili alingoja kwa adabu, kama mtu anavyongoja chenji. Alipoona hapokei, aliliweka fungu taratibu juu ya meza, kando ya glasi ya maji yake, akamshika Watsala mkono.

"Twende. Nazi yangu inakauka."

Kisha kule chini, kwenye duara la wanawake, kiganja kimoja kikapiga rabani. Kikafuata kingine. Wale wanawake waliokuwa wakicheka kisimani ndio waliopiga, kwa viganja vyote, mapigo ya Mwaka Mpya, ya heri, na vijana wa darajani wakaruka ukuta wakija. Tushara aliibana honi ya bajaji akasahau kuiachia. Mwalimu Wimaladhamma alishusha kipaza sauti. Wenye macho wanasema alikuwa anapiga makofi kwa kidole kimoja juu ya karatasi yake, kimya kimya, kwa mizani.

Barua ile haikutolewa bahashani, na hilo lazima lisemwe. Walikuja watu kuuliza habari ya kibali cha mabati, wakakuta wazazi wa wanafunzi wamekaa mlangoni na mafungu ya tambuu mapajani, wakauliza njia ya kurudi mjini. Watsala anafundisha pale mpaka leo. Watoto wameongezeka hata wengine wanakaa nje na kusikiliza dirishani, na wapo waliotoka pale sasa nao wanaandika, mashairi yasiyo na vina, wakisomeana darajani badala ya kurusha majina ya utani.

Lakini siku ile, mama na binti walirudi nyumbani kwa miguu. Jayasili alikuwa anapangusa machicha mikononi kwa ncha ya sari.

"Kazi umeikosa," mama alisema.

"Nimeikosa."

"Kama kiko mvunguni, wacha kikae huko huko." Wakatembea. "Na lile shairi lako lina kosa."

Watsala alisimama. "Kosa gani, mama?"

"Pale pa moto. Umeandika nilipiga magoti. Nani amekwambia? Mtu apige magoti mbele ya jiko, akirukiwa na cheche atainuka saa ngapi? Nilichuchumaa. Miaka yote hiyo nilichuchumaa." Alishika njia tena, mgongo umenyooka kama kwenye ile picha ya ukutani. "Ukifika nyumbani rekebisha. Usinitie magoti ambayo sikupiga."

Watsala hakungoja kufika nyumbani. Alirekebisha pale pale njiani, na ndivyo linavyosomwa leo, mabwenini na barabarani na chini ya mabati ya Galwewa:

*Mama yangu alichuchumaa mbele ya moto*
*asubuhi zote za utoto wangu.*
*Magoti hakupiga.*
*Hata kwa moto.*